Mbuzi Mweupe, Narudia

Kwa phonie ya Ngoy, redio ya kuita miji ya mbali hapa Kamina, hakuna mtu aliyewahi kusema siri ikabaki siri. Ulikaa kwenye benchi pamoja na wenzako ukingoja zamu yako, na kabla haijafika ulikuwa umeshasikia matanga ya huyu, mimba ya binti wa yule na ugomvi wa mashamba ya Kabongo. Redio ilikula nguvu ya betri ya lori, ikakoroma kama mzee mwenye pumu, na ili usikike Lubumbashi ilibidi upige makelele. Watu walipiga makelele. Walikwisha kuzoea.

Kalenga alishika mikrofoni kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa reli, yule anayesimama kwenye makutano ya njia na kugeuza vyuma ili treni ipite upande wake. Mkewe Lucienne alisimama nyuma yake, kidole mdomoni, akiomba Mungu betri isife kabla dada yake hajamaliza kusema. Nyumbani walikuwa wamemwacha binti yao Débora amelala kwenye mkeka. Débora alikuwa na kifua kikuu. Sindano zilikuwa zimeanza kumponya, halafu hospitali ikaishiwa dawa, na muuguzi Mwamba akawaambia wazazi bila kuzunguka: “Shindano ikikatika, ugonjwa unajifunza. Ukirudi, hii dawa haitauweza tena. Mutafute.”

Wakatafute wapi? Mshahara wa reli ulikuwa haujaonekana tangu pesa mpya zitolewe, na pesa mpya zenyewe zilioza kabla hujazihesabu. Ndipo wakamlilia Mwadi, dada mkubwa wa Lucienne, yaya yao, aliyeolewa Lubumbashi.

“Shemeji, unanisikia? À toi!” Sauti ya Mwadi ilitoka kwenye redio, na ile “À toi” ni kumpa mwenzako zamu.

“Nakusikia, yaya! À toi!”

“Dawa ya mutoto nimepata. Yote, ya kumaliza. Nimepatia Banza, ule convoyeur wa wagon ya mizigo. Muntu atakuja kuchukua, aseme neno. Neno iko: mbuzi mweupe. À toi!”

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa njia nzima. Mzigo haukuwa na mwenyewe, ulikuwa na neno. Leo angekuja mjomba kuuchukua, kesho shangazi, keshokutwa jirani, na convoyeur, msindikizaji wa mizigo, hakuweza kujua sura za watu wote wa Katanga. Alijua neno tu. Mwenye neno alipewa.

Sasa, watu wa reli wana ugonjwa wao. Njia ni moja, treni zinakutana, na amri ikisikika vibaya watu wanakufa. Kwa hiyo kila amri inayotoka kwenye simu sharti irudiwe kwa sauti, neno kwa neno, na upande wa pili ujibu, “Imepokelewa.” Kalenga alikuwa amerudia maneno ya watu maisha yake yote. Mkewe akimtuma chumvi, alisema, “Narudia, chumvi.” Hata kanisani, mchungaji akitangaza mazishi, safu za watu wa reli zilijibu “Imepokelewa” kwa mazoea, na wake za wanajeshi wakacheka mpaka wakajifunika vitambaa usoni.

Kalenga akajaza kifua hewa. “Narudia! Dawa ya Débora, iko kwa Banza, wagon ya mizigo! Neno, mbuzi mweupe! Narudia, mbuzi! Mweupe! À toi!”

Lucienne alimvuta shati. “Baba Débora, polepole!”

“Polepole namna gani? Hii ni service.”

Kwenye benchi alikuwepo adjudant mmoja wa kituo cha jeshi, jina lake Likoke, mtu wa kutoka Équateur, aliyengoja kuzungumza na ndugu zake Lisala. Alikuwa anamenya karanga. Aliacha kutafuna. Akatazama dari kidogo, akajikung'uta maganda, akamwambia Ngoy kwamba atarudi siku nyingine. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Nani anamuuliza adjudant?

*

Treni ilifika mchana wa jua kali, na aliyeigeuzia njia ni Kalenga mwenyewe. Aliona lile behewa la mizigo likipita mbele ya pua yake, akampungia Banza mkono, na Banza akampungia. Walijuana tangu ujana. Lakini mtu wa makutano haachi chuma chake mpaka mwenzake aje kumpokea, na mwenzake siku hiyo alichelewa, kwa sababu mtu asiyelipwa hana haraka ya kwenda kazini. Kalenga alisimama juani akitabasamu peke yake. Alikuwa amemwambia Lucienne asihangaike kwenda steshoni, yeye ndiye mtu wa reli, ataleta.

Alipofika steshoni, Banza alikuwa amekaa juu ya gunia anakula muhogo.

“Kalenga! Nimekupungia mkono, umeniona?”

“Nimekuona. Leta ile mizigo ya mutoto.”

Banza akaacha kutafuna. “Mizigo gani tena? Umetuma muntu, nimemupatia.”

“Sikutuma muntu.”

“Jeune homme mumoja, mweye kofia. Amesema mbuzi mweupe. Minyi nikasema, aa, Kalenga iko kazini, ametuma muntu.”

Kalenga alimtazama rafiki yake, na rafiki yake akatazama muhogo. “Banza, weye unanijua. Umekula kwa nyumba yangu. Débora umemubeba.”

“Nakujua, ndugu. Lakini neno njo neno. Angekuja baba yako bila neno, singemupatia. Ule amekuja na neno.”

Basi! Mtu anayejulikana kwa sura, kwa jina la baba na la babu, alisimama pale mikono mitupu, na kijana asiyejulikana hata kabila lake alikuwa ameondoka na uhai wa mtoto kwapani kwa sababu ya maneno mawili ambayo mji mzima uliyasikia. Na ukiuliza kosa la nani, kila mtu anakuonyesha utaratibu.

*

“Mbuzi mweupe!” alisema Lucienne. “Mbuzi mweupe, mbuzi mweupe! Ungepanda juu ya kanisa ukapiga kengele kabisa!”

Kalenga aliketi kwenye kiti cha mlangoni, kofia magotini.

“Nilikuvuta shati. Sikukuvuta?”

“Ulinivuta.”

“Ukaniambia service. Service inakulipa? Iko wapi service leo, ije imupige mutoto wako shindano?”

“Mama...” Débora aliita kutoka kwenye mkeka. “Mama, musigombane, mi...” Kikohozi kikamkata. Siku hizo hakuweza kumaliza sentensi. Alianza maneno kama mtoto yeyote mwenye akili na maswali mengi, halafu kifua kinamnyang'anya yaliyobaki, na yeye anabaki kupunga mkono kana kwamba anasema basi, mtaelewa wenyewe. Lucienne alimwinua, akampigapiga mgongo. Mgongo ule! Ungeweza kuhisi kila mfupa.

“Nitatafuta,” Kalenga alisema chini chini.

Na kweli akatafuta. Kesho yake alirudi na kichupa kimoja mfukoni, akampeleka Débora kwa Mwamba, akapigwa sindano. Siku iliyofuata akaleta kingine. Akamwambia mkewe kwamba hospitali imepata kidogo, wanagawa kimoja kimoja. Lucienne alimshukuru Mungu, akampikia bukari, ule ugali wetu, na matembele, na hasira yake ikapungua. Hakuona kwamba saa ya mezani haipo. Ilipoondoka taa ya mafuta aliuliza, akaambiwa imeazimwa na jirani.

Siku Kalenga alipokuwa kwenye kazi ya mchana, Lucienne ndiye aliyempeleka mtoto. Alisimama mbele ya dirisha la Mwamba, akangoja.

“Leta dawa,” Mwamba alisema.

“Dawa si iko kwenu?”

Mwamba akavua miwani. “Mama Débora, hapa dawa hatuna tangu ile siku nilibaambia. Bwana yako njo anakuja nayo. Minyi nilifikiri unajua.”

“Anaitoa wapi?”

“Kwa soko, kwa yule bibi ya adjudant. Hakuna pengine.”

Lucienne aliacha dirisha. Alimbeba mtoto mgongoni, mtoto mkubwa yule, miguu inaning'inia, wakaenda sokoni.

*

Marie-Thérèse, mke wa adjudant Likoke, alikuwa na meza ya dawa karibu na wauza samaki wakavu wa Malemba-Nkulu. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye kuita kila mtu mpenzi. Mezani palikuwa na vidonge vya kila rangi, na katikati, juu ya kitambaa, vichupa vilivyopangwa vizuri.

Lucienne hakuviangalia vichupa. Aliangalia kitambaa.

Kilikuwa kitenge cha chama tawala, cha miaka ile tulipochezeshwa ngoma uwanjani kwa lazima, chenye picha ya mwenge. Vitenge hivyo viligawiwa nchi nzima, hakuna sanduku la mwanamke hapa Kamina lisilokuwa nacho. Lakini hiki kilikuwa nusu. Siku ya matanga ya mama yao, Lucienne na Mwadi waligawana kitenge chake kama ilivyo desturi ya mabinti, na kwa kuwa mkasi haukuonekana, shangazi alikikata kwa kisu cha jikoni huku analia. Kisu kikaenda kombo, kikapita katikati ya mwenge mmoja, kikapinda, kikachana uzi. Moto ukabaki kwa Mwadi, mpini ukabaki kwa Lucienne. Na huo hapo moto, chini ya vichupa vya Marie-Thérèse. Mwadi alikuwa amefungia dawa ya mtoto ndani ya kitambaa cha mama.

Halafu akainua macho. Nyuma ya meza, kwenye msumari, lilining'inia koti jeusi lenye vifungo viwili kifuani. Koti la ndoa la Kalenga. Lucienne alikuwa amelishona kwapa mara mbili kwa mkono wake.

Alielewa yote kwa mara moja, na nawaambia, kulikuwa na mambo mengi ya kuelewa. Mumewe alikuwa ananunua kwa mwizi dawa ya mtoto wake mwenyewe, kichupa kimoja kimoja, na ameanza na saa, akaja taa, akafika koti.

“Karibu mpenzi,” alisema Marie-Thérèse. “Bei ni ile ile.”

“Nakuja,” Lucienne alisema.

Akarudi nyumbani, akafungua sanduku, akachukua nusu yake. Aliporudi hakumsalimu mtu. Alivisogeza vichupa kwa mkono, akakivuta kitambaa mpaka ukingoni, akalaza chake pembeni. Mpini ukaingia kwenye moto. Kila pindo la kisu likapata mwenzake, hata ule uzi uliochanika. Wauza samaki walisimama kutazama, na mmoja akasema, “Ee Leza, Mungu wangu!” Maana mtoto angeweza kuona kwamba ni nguo moja.

“Hii nguo iko ya mama yangu,” Lucienne alisema. “Na hii dawa ilikuwa ndani yake. Nirudishie.”

Marie-Thérèse hakuona aibu, na hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Alicheka. “Kitambaa ni chako, mpenzi, chukua, nani anakataa? Tuliipata kwa soko. Lakini dawa haina pindo. Onyesha mahali dawa imekatwa.”

Watu wakaangua kicheko kidogo cha woga, kile cha kumfurahisha mkubwa. Kisha Likoke mwenyewe akatokea, kifungo cha shati wazi, akauliza kuna nini. Akaelezwa. Alimwangalia Lucienne na mtoto mgongoni mwake.

“Bwana yako alisema kwa mdomo wake, mbele ya bantu bote,” alisema. “Unatupa nyama barabarani, halafu unauliza imbwa iko wapi?” Akamgeukia mkewe. “Hawa usibauzie tena. Bana matata.”

Lucienne akavikunja vitambaa viwili, akaondoka. Wauza samaki walikuwa wameshaona wote kwamba ni nguo moja, na sasa kila mmoja alikuwa anapanga samaki wake kwa bidii sana.

*

Usiniulize walisemezana nini wao wawili jioni ile, kwa sababu hawakusemezana. Lucienne aliweka kitambaa magotini mwa mumewe na kusema tu, “Nimeona koti.” Kalenga akafunika uso kwa kofia ya reli. Tangu hapo hakurudia neno la mtu nyumbani. Ukimtuma chumvi, aliinuka akaenda kimya.

Siku zikapita bila sindano. Débora akaanza kuchemka tena kila magharibi.

Aliyepata akili ni Lucienne, na aliipata kwa hasira. Treni ya Banza ilipopita kurudi Lubumbashi, alikwenda steshoni, akampa ile nusu ya dada yake.

“Umupatie yaya Mwadi kwa mukono yake. Mwambie tumeibiwa, mwambie auze hata cherehani. Atafungia dawa ndani ya hii. Na weye, Banza, muntu akikuja, usiulize neno. Umwambie alete nusu ingine. Ulaze chini, utazame mahali kisu kilipita.”

“Na akikuja na neno?”

“Neno gani? Hakuna neno. Weye mwenyewe hutakuwa na neno.”

Banza, ambaye tangu siku ile alikuwa halali vizuri, akaifunga nusu ile kiunoni chini ya shati.

Mwadi aliuza cherehani. Alipopiga phonie, chumba cha Ngoy kilijaa kama kawaida, na Kalenga alikataa kushika mikrofoni. Akaishika Lucienne.

“Dawa iko njiani!” Mwadi alipiga makelele. “Imefungwa kwa nguo ya mama! Mweye nusu ingine achukue! À toi!”

“Waache basikie, yaya!” Lucienne akajibu kwa nguvu zake zote, akigeuka kulitazama benchi, mtu mmoja mmoja. “Basikie bote! Mweye nusu achukue! À toi!”

Ngoy alisema baadaye kwamba katika miaka yake yote ya phonie hakuwahi kuona mtu akitangaza mahali pa mali yake namna ile. Na walisikia. Kabla ya usiku habari ilikuwa imefika kwa Marie-Thérèse.

*

Treni ilipoingia, Marie-Thérèse alikuwa wa kwanza kwenye behewa la mizigo, amevaa vizuri, mumewe nyuma yake. Alikuwa amefanya kazi yake. Kitenge cha mwenge alikitoa kwenye sanduku lake mwenyewe, akakikata kwa kisu cha jikoni, kombo, akapita katikati ya mwenge, akaacha mpini. Alikuwa amekiona kile sokoni kwa macho yake. Hata uzi aliuchana.

“Nimetumwa na Mama Débora,” alisema. “Yeye anauguza.”

Banza akatandaza nguo mbili juu ya gunia. Watu wakasogea. Mwenge kwa mwenge, rangi kwa rangi, kiwanda kimoja. Lakini kisu cha shangazi aliyekuwa analia kilipita njia yake, na kisu cha Marie-Thérèse kilipita yake. Mpini ulikaa pembeni ya moto kama mguu kwenye kiatu cha mwingine.

“Hapana,” alisema Banza.

“Nyoosha vizuri.”

“Nimenyoosha, mama. Hapana.”

Likoke akamsukuma mkewe pembeni, akamshika Banza kola. “Unajua minyi njo nani? Sema neno. Neno iko gani?”

“Hakuna neno, chef.”

Likoke akamzaba kofi. Kofia ya Banza ikaanguka chini ya magurudumu. “Neno!”

“Chef, hata ukinipiga mpaka kesho,” Banza alisema, damu mdomoni, na wale waliokuwepo wanasema sauti yake ilikuwa karibu ya furaha, “sina neno la kukupa. Hawakunipa.”

Mtauliza kwa nini Likoke hakuuchukua mzigo kwa nguvu. Si kwa kumwogopa Mungu. Kuiba kwa neno ni biashara ya mtu mmoja, lakini kunyang'anya mbele ya treni nzima na askari wa steshoni ni kugawana na hao askari, kisha na kamanda, na Likoke hakupenda kugawana. Wakati bado anapiga hesabu hiyo, Lucienne akafika akihema. Hakusema jina lake. Alilaza nusu yake juu ya gunia, na moto ukakaa juu ya mpini wake.

Banza alimkabidhi mzigo kwa mikono miwili.

*

Krismasi ilipofika, kanisa la watu wa reli lilijaa mpaka uani. Débora aliketi kati ya wazazi wake. Mwamba alikuwa amempiga sindano ya mwisho, na alipoulizwa kama ugonjwa ulikuwa umeshajifunza siku zile za katikati, alisema, “Tutaona. Kifua chenyewe njo kitasema.” Kalenga alikuwa na shati tu, limepigwa pasi, maana koti hakuwa nalo.

Koti lilikuwa safu ya mbele. Adjudant Likoke alikuwa amelivaa. Lilimbana mabegani, na kwapani mshono wa Lucienne ulikuwa unakaribia kuachia. Marie-Thérèse, mshiriki mwema wa kanisa hilo, alikuwa pembeni yake anajipepea. Kila mtu aliliona koti lile, na kila mtu alilijua, kwa kuwa Kalenga alilivaa kila ubatizo na kila matanga. Watu wakafungua vitabu vya nyimbo wakatafuta ukurasa kwa makini sana, kama wale wauza samaki.

Mchungaji akafika kwenye matangazo. “Mwenye tangazo asimame.”

Lucienne akasimama.

“Jambo yenu, wandugu. Niko na tangazo. Lile koti adjudant Likoke amevaa iko la bwana yangu. Alilitoa kununua dawa ya mutoto wetu, kwa muntu aliyeiba ile dawa. Basi, njo tangazo.”

Marie-Thérèse aliacha kujipepea. Likoke alianza kugeuka, taratibu, ili kila mtu apate muda wa kukumbuka yeye ni nani, na nyuso zikaanza kuinama moja baada ya nyingine. Lucienne alibaki amesimama peke yake kama siku ile sokoni.

Hapo Kalenga akasimama. Mtu ambaye miezi mizima hakuwa amerudia hata chumvi. Akajaza kifua, akafungua mdomo, sauti ikakwama. Alikumbuka mbuzi mweupe.

“Narudia!”

Haikuwa sauti yake. Débora alikuwa amepanda juu ya benchi, amenyooka, mikono ubavuni, kama baba yake anavyosimama kwenye simu.

“Narudia! Lile koti adjudant Likoke amevaa iko la baba yangu. Alilitoa kununua dawa yangu, kwa muntu aliyeiba ile dawa!”

Alilisema lote, kwa pumzi moja, na hakukohoa. Mwamba, aliyekuwa mlangoni, alishika kichwa. Kalenga alimtazama mtoto, machozi yakamtoka waziwazi mbele ya watu.

Na kutoka safu za watu wa reli, Banza kwanza, kisha watu wa injini, kisha watu wa makutano, kisha wake zao, likaja jibu la mazoea, zito, na safari hii hakuna mke wa mwanajeshi aliyecheka:

“Imepokelewa.”